ALIULIZA NINI BUNGENI?



Sisi wakapita na wenzetu wa klasi ya mwisho tumepewa ukurasa huu, nasi tumeamua kuutumia kwa jambo ambalo limetugawanya tangu somo la uraia. Kiongozi wa upinzani, tumpime kwa kitu gani? Wenzetu wengine wanasema: kwa miaka aliyokaa kifungoni. Wengine: kwa wingi wa watu wanaomfuata njiani. Wengine tena, na hawa ni wengi, tusifichane, wanampima kwa kabila lake na kwa vile alivyogawa wakati wa kampeni, chumvi, vitenge na mipira ya futiboli. Sisi tunaona apimwe kwa maulizo aliyouliza akiwa ameketi ndani ya Bunge, na zaidi ya yote maulizo juu ya feza ya watu wote: inaingia ngapi, inatoka ngapi, nani ameishika, nani ametia sahihi.

Ili musiseme tunazungumza hewani, tumemchukua mtu mmoja ambaye kila nyumba ya Kongo inamjua, Mzee Étienne Tshisekedi wa Mulumba. Tunajua kwamba mwana wake Félix njo aliyeapa kuwa Rais tarehe 24 Januari 2019. Kwa hiyo wengine watasema tunatafuta kuwasifu wakubwa, na wengine watasema tunatafuta kuwachokoza. Hatutafuti hili wala lile. Mzee alikufa Brussels tarehe 1 Februari 2017. Kazi yake imekwisha, inaweza kuwekwa yote juu ya mizani bila kuogopa kwamba kesho atageuka. Hiyo ndiyo faida ya kupima mtu aliyekwisha kulala.

Tuanze na upande ambao wapenzi wake hawapendi kuusikia. Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1932 huko Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga. Alisoma sheria Lovanium, akamaliza mwaka 1961. Mobutu alipochukua utawala kwa nguvu ya jeshi tarehe 24 Novemba 1965, Tshisekedi hakukimbia. Aliingia serikalini, akapewa wizara ya mambo ya ndani. Mwezi wa Juni 1966 watu wanne, kati yao Évariste Kimba aliyekuwa Waziri Mkuu, walinyongwa hadharani Kinshasa mbele ya umati, na yeye alikuwa waziri katika serikali ile. Mwaka 1967 alikuwa mmoja wa walioandika Manifesto ya N'Sele, karatasi ya kuzaliwa ya chama cha MPR.

Basi alikula sahani moja na wale aliokuja kuwapinga. Mwenzetu mmoja alituambia kwamba hilo peke yake linatosha kumfuta. Hatukubali. Wale wanne wa 1966 hatuwasahau, na hatutamwombea mtu yeyote msamaha katika gazeti la wanafunzi. Lakini mtu aliyekuwa jikoni anajua chungu gani kimetoboka. Ulizo letu ni moja: alipotoka jikoni, alisema nini, alisema wapi, na alisema kwa jina lake ao kwa kujificha?

Wadogo wetu wa ya saba na ya nane, musikie kidogo vile mambo yalikuwa. Tangu 1971 inchi yetu iliitwa Zaire. Chama kilikuwa kimoja tu, na kila mtoto aliyezaliwa alihesabiwa kuwa wa MPR, apende asipende. Mawaziri waliitwa makamishna wa Serikali, na Bunge liliitwa Baraza la Kutunga Sheria. Kwa miaka mingi kazi ya Baraza hilo ilikuwa kupiga makofi.

Wakati huo huo feza ilikuwa inaharibika. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na kampuni za wageni zitapewa wana-inchi. Hapa Ituri, inchi ya kahawa na ya wafanya biashara Wagiriki, wazee wetu hawahitaji mwalimu kuwaeleza neno hilo. Kwa maneno lilikuwa jambo zuri. Kwa matendo, wengi waliogawiwa walikuwa wakubwa wa chama na jamaa zao. Waliuza bidhaa zilizokuwa dukani, wakala feza, hawakununua zingine. Rafu zikabaki wazi. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanza kuanguka duniani, na Zaire ilikuwa inaishi kwa shaba ya Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule. Leta ikakopa, ikakopa tena, hata ilipofika mwaka 1980 deni la inje lilikuwa limepita dola bilioni 4. Mwisho wa 1974 Leta ilinyang'anya makanisa masomo yao. Ikashindwa kuyaendesha, na tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi mapatano ya kuyarudisha mikononi mwa makanisa. Njo maana hata leo masomo kama yetu yanaitwa ya mapatano. Wengi kati yetu tunaandika neno hilo juu ya kila kartasi ya egzame bila kujua kwamba ni kovu la kidonda.

Mwezi wa Oktoba 1977 dirisha dogo likafunguka. Wagombea wote walikuwa wa chama kimoja, ni kweli, lakini watu waliruhusiwa kuchagua kati ya wengi. Wakaingia Bungeni watu wengine ambao hawakutaka kupiga makofi tu: Tshisekedi, Ngalula Mpandanjila, Makanda, Kyungu wa Kumwanza, Kapita Shabani na wenzao. Wakakuta katika sanduku la Bunge chombo kimoja ambacho karibu hakuna aliyekuwa anakishika: haki ya kumwita kamishna wa Serikali, kumsimamisha mbele ya wabunge, na kumwambia ajibu juu ya hesabu zake. Wakaanza kukitumia. Makamishna waliozoea kupokea salamu wakaanza kupokea maulizo.

Tunaomba musimame hapa kidogo, kwa sababu wengi wetu tunarukia mara moja kifungo na mapigo. Kifungo kilikuja nyuma. Kabla yake kulikuwa na kazi ya watu wanaosoma karatasi usiku, wanaohesabu, wanaoandika ulizo kwa namna ambayo mkubwa hawezi kuliponyoka. Kazi hiyo haina wimbo wala bendera. Hakuna mtu anayebebwa mabegani kwa kusoma bajeti.

Na walikuwa na mengi ya kusoma. Mwezi wa Agosti 1978 Shirika la Feza la Kimataifa lilimtuma Mjerumani mmoja, Erwin Blumenthal, akae ndani ya Benki ya Zaire na kuchunga mlango wa feza. Alikaa chini ya mwaka mmoja, akaondoka. Mwaka 1982 ripoti yake ilieleza kwamba wanaokopesha Zaire wasitumaini kurudishiwa feza yao, kwa sababu ya wizi wa wale walio juu. Mgeni aliyalipiwa kuyaona mambo hayo, na akayaandika akiwa amekwisha kwenda zake. Wabunge wetu waliyasema wakiwa wangali Kinshasa, na nyumba zao na watoto wao wakiwa Kinshasa.

Kisha ikaja Katekelayi. Mwezi wa Julai 1979, huko Kasai Mashariki, askari waliwafyatulia risasi vijana waliokuwa wakichimba almasi Katekelayi na Luamuela. Leta ilisema waliokufa ni wachache sana. Wabunge wa Kasai walisema ni wengi, wakadai uchunguzi ufanywe na majibu yaletwe. Sisi wa Ituri tunaweza kuelewa jambo hili kuliko watu wengi. Wakati ule kuchimba dhahabu ao almasi kwa mikono yako mwenyewe, bila kampuni, kulikuwa kosa mbele ya sheria. Ni mwaka 1982 tu sheria ilipofunguliwa. Kijana wa Mongbwalu aliyejaza mchanga katika karai na kijana wa Katekelayi aliyeingia mtoni walikuwa mtu mmoja mwenye majina mawili. Kuuliza nani alimpiga risasi yule wa Kasai kulikuwa kuuliza pia juu ya yule wa kwetu, hata kama mbunge hakujua jina la Mongbwalu.

Mwisho wa Desemba 1979 Leta ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina kazi tena. Watu walipewa siku chache tu za kubadilisha, na kiasi kilichowekewa mpaka. Anayekaa karibu na benki, anayemjua mkubwa wa benki, alipona. Muuza ng'ombe wa mlimani, mama anayeficha feza ya mihogo katika kifuko, alibaki na karatasi ya kuwashia moto. Hapo ndipo utaona kwamba neno "uchumi" si la wataalamu peke yao.

Mobutu aliona kwamba maulizo yanazidi. Mwanzo wa mwaka 1980 aliwakata wabunge ulimi: haki ya kuwaita makamishna ikabanwa. Basi, mlango wa ulizo la mdomo ulipofungwa, wakachukua kalamu. Tarehe 1 Novemba 1980 wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya wazi ya kurasa 52. Walipima miaka 15 ya utawala wake, ahadi kwa ahadi, wakaonyesha umaskini wa watu na utajiri wa wachache, wakadai uchaguzi wa kweli na demokrasia yenye chama zaidi ya kimoja. Kurasa 52! Sisi tunalalamika mwalimu wa Kifaransa akitudai kurasa 3.

Angalieni mambo matatu katika barua ile. La kwanza, waliiandika wakiwa wabunge, yaani watu wenye mshahara, gari na mahali pa kukaa mbele. Walikuwa na cha kupoteza. La pili, walitia majina yao. Barua isiyo na jina tunaijua hapa masomoni, inaokotwa asubuhi chini ya mlango wa ofisi ya prefe, na kazi yake yote ni kuwafanya watu watazamane kwa mashaka. La tatu, na hili ndilo tunalolipenda zaidi, hawakumtukana mtu kabila lake. Walisema: uliahidi hili, limetokea lile, tueleze.

Malipo yalikuja upesi. Mwezi wa Januari 1981 walikamatwa. Wakanyang'anywa ubunge, wakatawanywa vijijini chini ya ulinzi. Hawakunyamaza. Tarehe 15 Februari 1982 wakaunda chama cha pili, UDPS, katika inchi ambamo sheria ilisema chama ni kimoja. Mwaka ule ule Korti ya Usalama wa Leta ikawahukumu miaka 15. Walitoka mwezi wa Mei 1983 kwa msamaha, na Tshisekedi akaendelea kuingia na kutoka kifungoni miaka iliyofuata.

Sasa wenzetu wanaosema "apimwe kwa kifungo" wanafurahi, wanadhani tumewapa haki. Hapana. Kifungo kinaonyesha kwamba mtu alisumbua. Hakionyeshi alisumbua juu ya nini. Mwizi wa mbuzi naye anafungwa. Ukiondoa yale maulizo ya 1978 na 1979, na ukiondoa zile kurasa 52, kifungo cha wale 13 kinabaki bila maana.

Turuke miaka kumi. Mkutano Mkuu wa Taifa ulifunguliwa tarehe 7 Agosti 1991, na tarehe 15 Agosti 1992 ukamchagua Tshisekedi kuwa Waziri Mkuu. Hapa ubishi juu ya feza ulipanda hata ukawa damu. Muelewe kwanza hesabu hii: zaire ilipozaliwa mwaka 1967, zaire 1 ilikuwa na thamani ya dola 2. Mwanzo wa 1993 Mobutu alitoa noti ya zaire 5,000,000, na noti ile nzima haikufika dola 3. Tshisekedi akasema noti hiyo haina nguvu ya sheria, watu wasiipokee, maana ni kuongeza maji katika supu iliyokwisha kuwa maji. Wafanya biashara wakaikataa. Lakini askari walikuwa wamelipwa mishahara yao kwa noti ile ile. Walipokwenda sokoni na kukataliwa, wakaanza kupora na kuua Kinshasa. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa kwa risasi katika siku hizo za mwisho wa Januari.

Mwezi wa Februari 1993 askari walizunguka jumba ambamo Baraza Kuu la Jamhuri, Bunge la wakati ule, lilikuwa limeketi, wakawafungia ndani kwa siku kadhaa, Askofu Monsengwo aliyeliongoza pamoja nao. Walitaka nini? Walitaka Baraza likubali noti. Someni tena kama hamkusadiki. Bunge zima lilikamatwa mateka kwa sababu ya karatasi ya feza. Mwenye bunduki alielewa vizuri kuliko sisi kwamba feza inapata uzima wake Bungeni.

Je, Mzee alifanya vizuri kuikataa noti? Katika klasi yetu tulipiga kura, tukagawanyika karibu nusu kwa nusu. Wengine wanasema alijua askari wamekwisha kulipwa nayo, basi angetafuta njia nyingine kabla ya kusema. Sisi tunaoandika tunaona alikuwa na haki juu ya noti. Kasai nzima ilimfuata: mwezi wa Oktoba 1993 Mobutu alipoleta zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, Wakasai waliikataa, wakaendelea na noti zao kuukuu kwa miaka, na bei zao zikasimama vizuri kuliko za wengine. Lakini hatutapigana na wenzetu kwa jambo hili. Watu walikufa, na anayesema kwamba lilikuwa jambo rahisi hakulifikiri.

Pale tunapokuwa wakali ni juu ya miaka ya mwisho. Uchaguzi wa 2006 ulipokuja, wa kwanza wa wazi baada ya miaka zaidi ya 40, Tshisekedi na UDPS walikataa kushiriki. Bunge la viti 500 likaketi miaka mitano bila chama kilichozaliwa na ile barua ya kurasa 52. Mwaka 2011 walishiriki, UDPS ikapata viti 41. Mzee alisema yeye ndiye aliyeshinda urais, kura zimeibiwa, na akaamuru wabunge wake wasiende kuketi. Wengine walikwenda, wakafukuzwa chamani. Wengine walitii, mwana wake kati yao.

Tunajua jibu la wapenzi wake: kuketi ni kubariki wizi. Ni jibu zito. Uchaguzi wa 2011 ulijaa fujo, na watazamaji wengi walisema hivyo. Lakini tuulize: Bunge la 1977 lilikuwa safi? Lilikuwa la chama kimoja, lililochaguliwa chini ya picha ya Mobutu, na Tshisekedi yule yule aliketi ndani yake na kulifanya litetemeke. Alifanya kazi yake kubwa kuliko zote ndani ya Bunge baya kuliko yote. Kwa nini kiti kilichokuwa silaha mwaka 1979 kiligeuka aibu mwaka 2012? Viti 41 vinaweza kuleta maulizo mangapi kwa mwaka? Mikataba mingapi ya madini ilipita miaka ile bila mtu wa UDPS kusimama na kusema, "Bwana Waziri, nionyeshe karatasi"? Hatusemi wengine hawakuuliza. Walikuwapo wapinzani walioketi na kuuliza. Lakini chama kikubwa cha upinzani kilikuwa njiani, kinaimba, na hesabu zilikuwa mezani, zinapita.

Musifikiri kwamba ulizo la mbunge mmoja ni kelele ya mbu. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, Kigoma, kulikuwa na mbunge kijana wa upinzani, Zitto Kabwe wa CHADEMA. Mwezi wa Agosti 2007 alisimama katika Bunge la Tanzania akadai uchunguzi juu ya mkataba wa dhahabu wa Buzwagi, uliotiwa sahihi London mwezi wa Februari mwaka ule. Aliuliza: waziri alikwenda kutia sahihi ugenini kwa haraka gani? Wabunge wa chama tawala, waliokuwa wengi sana, wakamsimamisha, asiingie Bungeni hata Januari 2008. Alishindwa? Mwezi wa Novemba 2007 Rais Kikwete aliunda tume ya kuchunguza madini chini ya Jaji Mark Bomani, na akamweka Zitto ndani yake. Mwaka 2010 ikatoka sheria mpya ya madini, na sehemu ya Leta juu ya dhahabu ikapanda toka 3 kwa mia hata 4 kwa mia. Wengine watasema 1 kwa mia ni kidogo. Waulize watu wa Kilo-Moto kama 1 kwa mia ya dhahabu yote iliyotoka katika udongo huu tangu ilipovumbuliwa mwaka 1903 ni kidogo.

Na sisi? Katiba ya 2006, kifungu cha 138, inawapa wabunge wetu zana nzima nzima: ulizo la mdomo, ulizo la maandiko, ulizo la mambo yanayotokea sasa, kumwita waziri ajieleze, tume ya uchunguzi, na kusikilizwa mbele ya kamati. Kile wale 13 walichonyang'anywa mwaka 1980 kimeandikwa leo, hakuna Rais anayeweza kukifuta kwa hotuba. Wapinzani nao wako na sheria yao tangu tarehe 4 Desemba 2007, inayowapa haki ya kuwa na msemaji anayetambuliwa na Leta. Zana haikosi. Tunakosa kujua nani anaishika.

Kwa watu wa Ituri jambo hili si la vitabu. Tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu na Kivu ya Kaskazini yaliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, gavana akawa askari, na Bunge la jimbo likawekwa pembeni. Bunge la Kinshasa likawa linaombwa kuirefusha hali hiyo siku 15 kwa siku 15, na likairefusha tena na tena. Tunawaheshimu askari waliokufa kwa kutulinda, na tunajua nani alikuwa anachoma vijiji Djugu na Irumu kabla ya hapo, hatuko watoto. Lakini kama Bunge la jimbo halisemi, wanaobaki wa kuuliza kwa jina letu ni wale tuliowatuma Kinshasa. Feza ya vita ni feza ya Leta kama nyingine, nayo iko na sahihi juu yake. Mtu wa kambi ya Drodro hawezi kusimama katika Jumba la Watu kuulizia sahihi hiyo.

Wengi wetu wa klasi ya mwisho tumekwisha kutimiza miaka 18. Uchaguzi ukija tutapiga kura, na hakuna mtu atakayetuuliza kama tulifaulu somo la uraia. Kwa hiyo tumemwomba prefe ruhusa ya jambo moja, naye amekubali, kwa shariti kwamba tuseme kwa heshima na tusitaje chama. Wabunge wanafunga vikao katikati ya Juni na katikati ya Desemba, na wengi wanarudi jimboni kusalimia watu. Tutawaandikia barua wale watakaofika Bunia, wa serikali na wa upinzani pamoja, kwa majina yetu chini. Hatutaomba mipira wala rangi ya kupaka klasi. Tutawauliza: katika kikao kilichokwisha, Mheshimiwa, ulimpa waziri gani ulizo la maandiko? Tarehe gani? Juu ya dhahabu ya Mongbwalu ulidai kuona mkataba gani? Barabara ya Bunia–Mahagi, feza yake katika bajeti uliisoma ukurasa gani? Walimu wanaofundisha bila jina lao kuwa katika orodha ya mishahara ya Leta, uliwahesabu wangapi katika jimbo letu, na waziri alikujibu nini?

Anayetaka kuongeza ulizo lake aliandike vizuri, atie jina na klasi yake, alilete kwa kapita wa klasi yake kabla ya Ijumaa. Maulizo yasiyo na jina hatutayapokea.

Wakapita wa masomo, kwa niaba ya klasi ya mwisho